Kioo cha sola ambacho mama mkwe atakisoma

Kioo cha kwanza, yaani skrini ya kuonyesha hali ya umeme, nilichotengeneza kwa ajili ya sola ya nyumbani kwetu Ilazo kilikuwa na namba kumi na tisa na michoro minne. Nilikipenda kweli. Nikakibandika ukutani jikoni, nikamwita mama mkwe aje aone. Akavaa miwani, akasogea, akasoma kimya kimya kama mtu anayekagua risiti ya dukani, kisha akageuka: "Sasa mwanangu, hii asilimia sitini na nne niile au niinywe?"

Alichotaka kujua ni kama apige pasi kitenge chake cha kanisani au asubiri. Namba kumi na tisa, na hakuna hata moja iliyomjibu.

Tangu hapo nimetengeneza vioo vya namna hii kwa nyumba kadhaa hapa Dodoma, kuanzia Kisasa hadi Nzuguni, na kazi naianzia jikoni. Wataalamu wa lugha wanaita kitu hiki kiolesura. Mimi na mafundi wenzangu tunasema kioo, na ndivyo nitakavyosema hapa.

Mfano wangu ni nyumba yetu: paneli 6 za wati 550, inveta ya kilowati 5 (mashine inayogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani), betri moja ya lithiamu ya voti 51.2 na ampea-saa 100. Umeme wa Tanesco upo. Betri ikishuka hadi asilimia 20, inveta inahamia huko na LUKU inaanza kuliwa. Kama umeme umekatika, giza. Mtambo wako unaweza kuwa mdogo au mkubwa kuliko huu, hesabu ni zile zile.

Daftari kwanza

Weka daftari juu ya friji, likae wiki nzima. Kila mtu akiuliza jambo lolote linalohusu umeme, andika: kauliza nani, saa ngapi, kwa maneno yapi. Usimsahihishe wala usimfundishe. Kwetu maswali yalijaza kurasa tatu, lakini ukiyapepeta yanabaki manne. Dada anayetusaidia kazi, saa kumi na mbili asubuhi: "Niwashe birika au nitumie gesi?" Mama mkwe: pasi. Mume wangu, saa mbili usiku, akiwa ameshakaa kwenye kochi: "Leo tunafika asubuhi?" Na mimi: pampu ya maji niiwashe lini.

Watoto ndio waliouliza mara nyingi kuliko wote, na kila mara ni katuni. Televisheni yetu inakula wati 80, kwa hiyo kwa upande wa umeme jibu ni ndiyo siku zote. Swali ambalo jibu lake halibadiliki usilipe nafasi kwenye kioo.

Maswali yaliyobaki ndiyo ukurasa wa mbele. Mimi natumia mistari mitatu tu, herufi kubwa za kusomeka kutoka mlangoni:

Pasi na birika: WASHA.
Betri itatufikisha saa kumi na moja alfajiri.
Maji: pampu sasa, jua linabaki.

Voti, ampea, joto la inveta, mchoro wa wiki, vyote hivyo nenda navyo ukurasa wa fundi. Wewe utavihitaji. Mume wangu aliomba tuache walau mchoro mmoja mbele, "upendeze". Nilimkatalia, na hilo bado tunalizungumza.

Uniti, na saa zetu

Usiandike kilowati-saa. Kila nyumba yenye LUKU inajua uniti, inazinunua, inazihesabu zikiwa zinaisha, na uniti moja ndiyo hiyo hiyo kilowati-saa moja. Sema "betri ina uniti 3" na hata mtoto wa darasa la nne ataelewa. Vilevile usiweke alama za kujumlisha na kutoa kuonyesha betri inafanya nini. Andika "betri inajazwa" au "betri inatumika".

Shilingi mimi siweki. Wateja huziomba sana, wanataka kuona sola imewaokolea kiasi gani, lakini bei ya uniti haiko sawa kwa kila nyumba: mwenye matumizi madogo yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi ana bei yake nafuu, na akivuka hapo mambo yanabadilika. Kioo kikizidisha uniti zote kwa bei moja kitakudanganya, na siku utakayolinganisha na tokeni zako utaacha kukiamini hata kwa yale ya kweli. Toa uniti zilizookolewa, hesabu ya pesa mwachie mwenye nyumba.

Kwenye saa ndipo nilipoumia. Mteja wangu mmoja wa pembezoni mwa mji, ambaye nguzo za umeme bado hazijamfikia, anauza barafu za watoto. Kioo chake nilikiacha kiandike muda kama kompyuta inavyouandika. Jioni moja kikasema betri itadumu hadi 05:00. Akasoma saa tano, kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu angesoma, akajua ana umeme mpaka saa tano asubuhi na jua litakuwa limeshapanda. Akaacha friza imewaka, akalala. Saa kumi na moja alfajiri ikazima. Aliposhtuka, barafu zilikuwa zimeanza kulia. Nililipa mimi, na nilistahili.

Kwa hiyo badilisha saa kabla haijafika machoni pa mtu. Chukua saa ya kompyuta, toa 6. Ukipata namba iliyozidi 12, toa 12. Ukipata sifuri au chini yake, ongeza 12. Saa 14 inakuwa nane, saa 5 inakuwa kumi na moja, saa 20 inakuwa mbili, saa 0 inakuwa sita. Halafu malizia kwa neno la wakati: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Usiliache hata mara moja, maana saa kumi na moja ni mbili kwa siku. Na kwa kuwa kompyuta inabadilisha tarehe usiku wa manane wakati sisi hatujalala bado, taarifa za usiku ziandike tunavyosema: "usiku wa kuamkia Jumapili tulitumia uniti 2". Nimeona watu wakibishana juu ya umeme wa Jumamosi kumbe kila mmoja anazungumzia usiku wake.

Itatufikisha saa ngapi

Huu ndio mstari unaotazamwa kuliko yote, na hesabu yake si ngumu. Betri yetu ikijaa ina uniti 5.12 (voti 51.2 mara ampea-saa 100, gawa kwa 1,000). Ikiwa na asilimia 64, kuna uniti 3.28. Toa akiba ya asilimia 20, yaani 1.02, unabaki na 2.25 na ushee. Nyumba ikivuta wati 250, ambazo ni robo ya uniti kila saa, betri inabaki na saa 9. Sasa ni saa mbili usiku. Itatufikisha saa kumi na moja alfajiri. Jua la Dodoma huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa moja, na paneli hazianzi kufanya kazi ya maana hadi kwenye saa mbili. Pana shimo la saa tatu pale, na kioo kiseme hivyo mapema, saa mbili usiku, wakati bado kuna kitu cha kuzima.

Shida ni friji. Yetu inavuta wati 150 ikiwa inanguruma, kisha inanyamaza. Ikinyamaza, matumizi yanashuka hadi wati 100, na kioo kinachosoma cha papo hapo kitaapa kwamba betri ina saa 22. Dakika kumi baadaye friji inaamka, kioo kinarudi saa 9. Mtu akiona hivyo mara mbili anaacha kukitazama. Chukua wastani wa dakika 30 zilizopita, si matumizi ya sasa hivi. Na usisahau kwamba inveta yenyewe inakula, kwangu ni wati 50 hivi mchana na usiku, ambazo kwa siku nzima ni uniti 1.2. Kuna inveta ambazo haziingizi ulaji wao kwenye namba ya matumizi ya nyumba. Jipimie mwenyewe usiku mmoja, kila kitu kikiwa kimezimwa.

Neno lisicheze

Mstari wa pasi na birika ulinisumbua miezi miwili. Sheria yangu ya kwanza ilionekana safi: jua likizalisha wati 1,200 zaidi ya matumizi ya nyumba, andika WASHA, na ikiwa pungufu andika SUBIRI. Kipande cha wingu kikipita, neno linageuka. Kikiondoka, linageuka tena. Hilo nililitibu kwa kutaka hali idumu dakika 5 mfululizo kabla neno halijabadilika.

Lililonishinda kuliona mapema ni hili. Dada anasoma WASHA, anachomeka pasi. Pasi inavuta wati zake 1,200. Ziada imeisha, kwa sababu imekwenda kwenye pasi, na dakika tano baadaye kioo kinamwambia SUBIRI wakati yuko kwenye kola ya shati la tatu. Akachomoa. Ziada ikarudi. WASHA. Alinifuata sebuleni, akaniambia kwa heshima zote, "Dada, kile kitu chako kinanitania."

Sasa ninafanya hivi: nikishasema WASHA, siangalii ziada tena, naangalia betri. Mradi betri haitoi zaidi ya wati 300 kwa dakika 5 mfululizo, neno linakaa pale pale. Likigeuka, ujue ni kweli.

Weka rangi ukipenda, kijani na nyekundu, lakini neno libaki. Wapo watu, hasa wanaume, wasiotofautisha rangi hizo mbili, na wengi wao hawatakuambia.

Jua linalobaki

Mtambo usiouza umeme nje una tabia moja inayowachanganya hata mafundi. Betri ikijaa na nyumba haivuti kitu, inveta inazibana paneli zizalishe kile tu kinachotumika. Saa saba mchana, jua la kupasua mawe, kioo kinaonyesha wati 180. Mwenye nyumba anapiga simu: paneli zimekufa. Hazijafa, zimekosa kazi. Na kwa kuwa ziada inasomeka sifuri, ile sheria ya pasi nayo itasema SUBIRI katika saa nzuri kuliko zote za siku. Mimi nimeweka kanuni ya pembeni: betri ikifika asilimia 99 kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana, kioo kichukue uzalishaji wa robo saa kabla betri haijajaa, kihesabu kwamba jua bado lipo kwa kiasi hicho, na kiseme "jua linabaki".

Hapo ndipo maji yanapoingia. Ukikaa Dodoma unajua kupanga siku yako kwa maji. Sisi tuna tanki la chini na simtanki juu ya mnara, na pampu ya wati 750 kati yao. Kuijaza simtanki kunachukua saa mbili, uniti 1.5. Ukiifanya usiku, umeitoa kwenye betri, yaani umejinyima saa sita za taa na friji. Ukiifanya saa saba mchana betri ikiwa imejaa, umetumia jua ambalo lingepotea. Simtanki ni betri ya pili, na haichakai kwa kujazwa kila siku. Kwa nyumba nyingi za hapa ningeweka mstari wa pampu kabla ya mstari mwingine wowote.

Na vumbi. Kuanzia Agosti hadi mvua zinapokaribia, upepo wetu unalaza vumbi jekundu juu ya paneli mpaka unaweza kuandika jina lako kwa kidole. Kioo kinaweza kukumbusha: kila siku kihifadhi uzalishaji mkubwa wa mchana, lakini kwa siku ambazo betri haikuwa imejaa, vinginevyo utasingizia vumbi kosa la kubanwa. Paneli zetu zikiwa safi zinafika wati 2,600 hivi, si 3,300 zilizoandikwa, kwa sababu namba ya kiwandani hupimwa paneli ikiwa na nyuzi joto 25 na bati letu mchana linazipika. Kilele kikishuka chini ya 2,200 siku tatu mfululizo za anga safi, kioo kiandike "osha paneli kesho alfajiri". Alfajiri, kwa sababu maji baridi juu ya paneli ya moto ni kutafuta nyufa. Desemba hadi Aprili zima tahadhari hiyo. Mawingu ni mengi, na mwezi Desemba jua liko upande wa kusini wakati paneli za hapa huelekezwa kaskazini, hivyo kilele kinashuka chenyewe.

Boksi kabla ya programu

Mambo yote hayo niliyajaribu kwanza kwa boksi. Kata upande mmoja wa boksi la maji ya chupa, chora mistari mitatu kwa kalamu ya wino mzito, bandika mahali kioo kitakapokaa, kisha badilisha maneno kwa mkono mara nne kwa siku kwa kusoma namba za inveta mwenyewe. Siku tatu zinatosha. Usieleze kitu. Mtu akisimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko unaohitajika kufungua friji, mstari huo haufai. Ni boksi lililoniambia kioo kikae jikoni pembeni ya soketi ya birika. Sebuleni nilikokitaka mimi hakuna mtu anayefanya uamuzi wowote.

Nyaya na namba

Inveta nyingi zina tundu la mawasiliano liitwalo RS485, linalozungumza Modbus, lugha ya mashine kupeana namba: nyaya mbili, A na B. Ukizigeuza hakuna kinachoungua, utasubiri tu jibu lisilokuja, zibadilishane. Kasi ya mazungumzo mara nyingi ni biti 9600 kwa sekunde, hakikisha kwenye kitabu chake. Upande wa pili weka kompyuta ndogo, mimi natumia Raspberry Pi yenye Home Assistant, ambayo ni programu huria. Isome kila sekunde 5. Kioo chenyewe kinaweza kuwa simu ya zamani au tableti.

Namba zinakuja uchi. 5213 ni voti 52.13, na hakuna anayekuambia isipokuwa kitabu. Betri inapotoa umeme, baadhi ya inveta huandika namba hasi, na hasi kwenye rejista ya namna hii (kisanduku cha namba ndani ya inveta) hugeuka jitu: hasi 250 inasomeka 65,286. Usiku wa kwanza kioo chetu kilitangaza kwamba nyumba inavuta wati elfu sitini na tano. Mume wangu alitoka na tochi kuangalia kama jirani hajatuunganishia mashine ya kusaga. Dawa: namba ikizidi 32,767, toa 65,536.

Asilimia ya betri ya lithiamu usiikadirie kwa voti. Katikati ya safari yake voti karibu hazisogei kabisa, halafu mwishoni zinaanguka. Chukua asilimia inayotolewa na ubao wa ulinzi uliomo ndani ya betri.

Kila kitu kikae ndani ya nyumba, kwenye Waifai yenu, bila kutegemea intaneti. Mtambo wetu ulikuja na programu yake ya simu inayopeleka namba ng'ambo kwanza ndipo zirudi. Bando likiisha, hujui betri yako iliyo mita nne kutoka ulipo. Ruta nayo iwe kwenye laini inayolindwa na betri.

Halafu kuna ukimya, taarifa zinapokatika. Wageni wa posa ya shemeji yangu walikuja siku ambayo umeme wa gridi ulikatika tangu asubuhi. Kioo kilisema betri asilimia 92. Kilikuwa kinasema hivyo tangu jana yake, maana waya wa A ulichomoka na kioo kikabaki na namba ya mwisho kilichoijua. Giza lilituingia katikati ya sala ya chakula. Sasa taarifa zikipitisha dakika 2 bila kuja mpya, kioo kizima kinakuwa cha kijivu na kuandika "sijui, taarifa ya mwisho ni ya saa tano kasoro dakika kumi asubuhi".

Ukurasa wa mbele uwe wa kusoma tu. Mipangilio ya kuchaji iwe nyuma ya namba ya siri, na nyaya za paneli zisiguswe na mtu asiye fundi: paneli 6 zikifuatana zinafika voti 300, na hizo haziachii mkono.

Siku ya kukabidhi, andika karatasi ya mkono na uibandike kwa selotepu pembeni ya sakitibreka: hatua ya kuhamia Tanesco kwa mkono, hatua ya kuzima mtambo wote, na namba ya simu ya fundi. Siku kila kitu kitakapozima, kioo nacho kitakuwa kimezima.